Kiwavi Aliyekutwa Amelala Kazini

Inatangazwa kwa wazazi, walezi na wadudu wa ngazi zote kwamba Idara yetu imefikia hatua ambayo idara nyingine zinaiota tu. Kuanzia sasa hakuna mdudu atakayemfundisha mtoto ambaye bado hajaanza shule bila sisi kujua mdudu huyo anafanya nini, anakifanya saa ngapi, na kwa idhini ya nani.

Mimi ndiye Mkaguzi. Cheo changu kamili ni Mkaguzi Mwandamizi wa Wadudu Wakufunzi, Kitengo cha Malezi ya Awali Majumbani. Mke wangu hupenda kuniita mtu wa mende, na nimeshamkumbusha kwa maandishi utaratibu wa kutaja vyeo.

Labda kuna watakaouliza, jamani, haya yote ya nini? Nitaeleza. Wazazi walikuwa wameanza kufundisha watoto wao nyumbani kwa kutumia wadudu. Unamkuta mtoto anahesabu sisimizi, mwingine anachora nyuki, mwingine anajiburuza sebuleni kwa tumbo eti yeye ni kiwavi. Watoto wakajua kuhesabu, wakajua rangi, wakajua kupeana zamu. Mambo yalikuwa yanakwenda vizuri, na hapo ndipo Idara ilipostuka. Jambo likienda vizuri bila kusimamiwa, watu wanaweza kupata mawazo.

Mheshimiwa Mkurugenzi hakulaza damu. Aliunda Kamati, Kamati ikazaa Kamati Ndogo ya Miguu, nayo ikafanya kazi ya kupigiwa mfano. Buibui alienguliwa kwa kuwa na miguu ya ziada. Jongoo aliitwa kutoa maelezo, hakufika. Mwishowe tukapata Mwongozo wa Wadudu Wakufunzi, uliofungwa kwenye fremu na kutundikwa ukutani, nyuma ya kiti cha Mkurugenzi. Kifungu chake kikuu alikitunga Mkurugenzi mwenyewe, nasi sote tunakijua kwa moyo: “Kila anayehusika na mafunzo ya mtoto sharti akutwe yu macho na anafanya kazi inayoonekana. Asiyeonekana akifanya kazi ahesabiwe hayupo.” Siku kiliposomwa mara ya kwanza, tulipiga makofi mpaka chai ikapoa.

Nyumba ya kwanza kukaguliwa ilikuwa ya mama mmoja mshonaji, anayejulikana mtaa mzima kwa jina la Fundi. Hushonea sebuleni, cherehani ikiwa dirishani, huku akiwafundisha wanawe wawili papo hapo. Nilibisha hodi.

“Karibu, pita tu,” ilijibu sauti. “Ila angalia chini, usikanyage wanafunzi.”

Wanafunzi walikuwa sakafuni. Mmoja ni binti aitwaye Nyenje, na hahitaji kuelezewa, kwani ukikaa naye dakika chache utajua kwa nini alipewa jina la mdudu apigaye kelele usiku kucha. Wa pili ni mdogo wake, ambaye amerithi jina la babu yake na kwa hiyo nyumbani huitwa Babu. Katika taarifa yangu niliandika kwamba darasani kulikuwa na babu mmoja, mwenye kamasi.

“Shikamoo, mjomba,” alisema Nyenje kwa kunong'ona.

“Marahaba. Mbona unanong'ona?”

“Amelala.”

Sikulitilia maanani. Nilianza kazi. Sisimizi wa kizingitini nilikuta wote wako kazini, wamepanga foleni, wanabeba, na hakuna hata mmoja aliyeomba ruhusa ya kwenda msibani. Watoto waliwaiga kwa kutambaa mmoja nyuma ya mwingine wakihamisha vifungo vya mashati kutoka kikapu hadi kikapu, wakihesabu. Kulikuwa pia na mdudu mwekundu wa kitambaa, mgongo una madoa ya kubandika na kubandua. Huyo hakutikisika hata nilipomsemesha, lakini nilimwacha kwa kuwa hakuwa kiumbe. Nilitaka kugonga muhuri wa kuridhia ndipo nikauliza, kwa wema tu, ni nani huyo aliyelala.

Fundi akanionyesha chupa iliyokuwa dirishani. Ndani yake kulikuwa na kijiti cha mlimau, na kwenye kijiti kimening'inia kifuko cha rangi ya majani, kimefungwa kiunoni kwa uzi mwembamba. Chini yake kulikuwa na kizibo cha soda chenye maji.

“Huyu ni nani?”

“Kiwavi wetu,” alisema Fundi. “Tulimtoa kwenye mlimau wa uani. Alikula majani mpaka nikasema atamaliza mti. Halafu akajifunga.”

“Anafundisha somo gani?”

“Kusubiri.”

Nilimrekebisha kwa upole. “Kusubiri si somo, mama. Kusubiri ni huduma, na inatolewa ofisini kwetu.”

Babu akanikazia macho, akaweka kidole mdomoni. Ndipo nilipofahamishwa kwamba nyumba ile ina sheria yake. Anayemtazama aliyelala hukaa chini, mikono magotini, mdomo umefungwa. Kizibo cha maji huwekwa mbele ya mlalaji ili akiamka asihangaike. Anayepayuka hupoteza zamu. Niliiona kuwa sheria nzuri, isipokuwa haikuwa na namba.

“Naomba aamshwe akaguliwe,” nilisema.

“Haamshwi huyo, kaka yangu,” alisema Fundi. “Anafanya kazi. Anaifanya ndani, haionekani tu.”

Kwa kuwa mimi ni mtu wa haki, nilimpigia simu Mheshimiwa Mkurugenzi nikamweleza utetezi huo neno kwa neno. Nilimsikia anapumua taratibu, kisha akasema maneno ambayo niliyaandika mara moja kwa ajili ya vizazi vijavyo: “Kazi isiyoonekana si kazi. Mlete huyo kiwavi. Na darasa lifungwe.”

Nilipotoa mkebe wangu, Fundi alisimamisha cherehani. “Kaka, nisikilize. Kifuko hicho kinaanza kubadilika rangi, yuko karibu kutoka. Akitoka anahitaji pa kupanda, aning'inie, akunjue mabawa. Ukimfungia kwenye mkebe mabawa yatakauka yakiwa yamejikunja. Hataruka maisha yake yote.”

“Masikitiko yako yamepokelewa.”

“Na hili darasa ukilifunga, hawa nitawapeleka wapi? Nikienda kushona kwa watu nitawafungia ndani?”

“Hayo nayo yamepokelewa.”

Nikamweka kiwavi, sasa akiwa kielelezo cha kesi, pamoja na kijiti chake, katika ule mkebe wa biskuti, nikaufunga kwa lakiri. Nyenje alilia kilio ambacho sijawahi kukisikia katika ukaguzi wowote, hata wa nyuki. Kisha akajifuta machozi kwa kiganja, akachukua kile kizibo cha maji na kunikabidhi.

“Mjomba, mwekee mbele yake. Usisahau.”

Nilikibeba kizibo kile mikono miwili hadi ofisini, hatua kwa hatua, nisimwage. Mwongozo haukukataza. Pia, niseme ukweli, yule mtoto alinitia huruma.

Kesho yake asubuhi Fundi alikuja kukata rufaa, akiwa na watoto wote wawili, kwa kuwa hakuwa na wa kumwachia. Rufaa husikilizwa na Mkurugenzi mwenyewe, kielelezo kikiwa mezani. Niliwaingiza.

Mheshimiwa Mkurugenzi alikuwa katika tafakuri. Hili nalo linahitaji maelezo kwa wasiojua uongozi. Kila siku, kuanzia anapofika mpaka chai inapoletwa, Mkurugenzi huketi bila kutikisika, kidevu kifuani, koti la suti limemzunguka mpaka shingoni, tai imening'inia nje yake, macho yamefumbwa. Wageni hudhani amelala. Sisi tuliomzoea tunajua kuwa anaona mbali.

Watoto walipomwona walisimama ghafla. Wakatazamana. Babu akaketi sakafuni, mikono magotini, akafunga mdomo. Nyenje akauchukua mkono wangu, akaninong'oneza, “Mjomba, kumbe na nyie mnaye?”

Nyenje alikitwaa kizibo cha maji kutoka mezani, nilipokiweka kando ya mkebe, akakiweka taratibu mbele ya Mkurugenzi, naye akaketi chini. Ukimya wa namna ile haujawahi kutokea katika jengo letu.

Nilivunja lakiri na kufungua mkebe, kwa kuwa kielelezo sharti kionekane. Fundi alishusha pumzi kwa nguvu. Kifuko kilikuwa kimekuwa cheusi, na kupitia ganda lake mtu aliweza kuona madoa ya manjano ya bawa. Kisha kikapasuka. Kikatoka kiumbe kibichi, kimekunjamana, miguu inatetemeka, kinatapatapa juu ya kijiti kikitafuta pa kupanda.

“Mama! Hana pa kuning'inia!” Nyenje aliruka. Meza yetu ni pana na, ukiacha mkebe na kizibo, haina kitu chochote juu yake, kama inavyotakiwa kuwa meza ya mkuu. Kitu pekee kilichosimama wima karibu pale kilikuwa tai ya Mheshimiwa Mkurugenzi. Kabla sijatafuta kifungu kinachohusika, Nyenje alikuwa ameshakisogeza kijiti kifuani pa Mkurugenzi, na kipepeo akahamia kwenye tai, akapanda, akaning'inia chini kidogo ya fundo.

Mkurugenzi akafumbua macho.

“Usitikisike,” Nyenje alimwamuru.

“Nini hiki...”

“Shhh! Anakauka. Ukimtikisa mabawa yataharibika.”

Nimefanya kazi na Mheshimiwa kwa miaka mingi, na sijawahi kuona mtu akimwamuru kitu akatii. Siku hiyo alitii. Aliinua kidevu, akabaki hivyo, jasho linamtoka, huku mabawa yakikunjuka kidogo kidogo juu ya kifua chake. Fundi alijifunika mdomo kwa kanga. Nilipogundua, na mimi nilikuwa nimekaa sakafuni.

Mlango ukafunguliwa. Ilikuwa Bodi ya Idara, ambayo ndiyo humsimamia Mkurugenzi. Mkurugenzi alikuwa ameialika yeye mwenyewe kuja kushuhudia mafanikio ya Mwongozo, kisha, kwa wingi wa tafakuri, akasahau. Mbele alitangulia Mama Mwenyekiti, mwanamke mfupi mwenye miwani, asiyecheka ovyo.

“Mkurugenzi, habari za asubuhi.”

Mkurugenzi alizungusha macho tu.

“Mkurugenzi, Bodi imeingia. Mbona husimami?”

“Siwezi,” alijibu Mkurugenzi bila kufungua midomo.

Mama Mwenyekiti akatazama tai, akatazama watoto, akatazama kizibo cha maji. Babu akampigia viganja sakafuni kumwonyesha pa kukaa. Sijui ni nini kilichompata mama yule, lakini alivua viatu, akakaa. Bodi nzima ikakaa nyuma yake, mikono magotini. Baada ya muda kipepeo alijipepea mara mbili tatu, akaachia tai, akazunguka chumba, akapitia dirishani. Nyenje alipiga kelele ya furaha iliyosikika mpaka masijala. Mama yake alikuwa analia waziwazi na hakujali.

“Sasa,” alisema Mama Mwenyekiti akijifuta vumbi, “nieleze, Mkurugenzi. Tulipoingia ulikuwa unafanya nini?”

“Nilikuwa kazini, Mwenyekiti.”

“Sisi tulimkuta amejifunga hivyohivyo,” alidakia Nyenje.

“Na kabla ya hapo? Huyu mtoto anasema alikukuta umejifunga hivyohivyo.”

Mkurugenzi akanyoosha tai. “Nilikuwa nafanya kazi,” alisema hatimaye. “Ndani. Haionekani tu.”

Fundi akainamisha kichwa, akawa anachunguza pindo la kanga yake kwa makini sana. Mama Mwenyekiti alinyanyua macho kuelekea ukutani, kwenye fremu, akakisoma kile kifungu kikuu kwa sauti, polepole, mpaka mwisho. Kisha akanigeukia.

“Mkaguzi, umekuta nini?”

Nilisikia uzito wa cheo changu chote, pamoja na jina lake refu. “Mwenyekiti,” nilisema, “hakuonekana akifanya kazi. Kwa mujibu wa Mwongozo, Mkurugenzi hayupo.”

“We! Mimi niko hapa!” alipaza sauti Mkurugenzi.

“Asiyekuwepo hachangii mjadala,” alisema Mama Mwenyekiti. “Kiti kiko wazi. Darasa la Fundi lifunguliwe leo hii.”

Wajumbe walikuwa wanajadili Mkurugenzi asiyekuwepo apelekwe wapi, wengine wakitaja stoo, ndipo Fundi alipoingilia. “Mama, msimtupe, ni kiumbe wa watu. Mleteni kwangu. Sisi tumezoea wa namna hii.”

Hivyo ndivyo ilivyo hadi sasa. Kila asubuhi Mheshimiwa huletwa sebuleni kwa Fundi. Katika somo la sisimizi anajitahidi kubeba vifungo, ingawa bado anaona vigumu kukaa nyuma ya Babu kwenye foleni. Kipindi cha nyuki anaruka ua hadi ua na kuhema. Baada ya hapo anajifunga koti, anaketi mkekani karibu na dirisha, na watoto wanamwekea maji yake.

Nilikwenda kumkagua wiki iliyopita. Nilimkuta ametulia, kidevu kifuani. Niliketi kando yake na daftari langu, nikatafakari pa kuanzia, nadhani kwa muda mrefu kidogo, kwa sababu nilipofumbua macho Nyenje alikuwa amesimama mbele yetu.

“Unatarajia atatoka lini huyu?” nilimuuliza, kwa ajili ya taarifa.

“Usimharakishe, mjomba. Wengine wanachelewa.”

Kisha akanitazama kwa muda mrefu, kuanzia viatu mpaka kola ya koti. Akaenda jikoni, akarudi na kizibo cha pili.