Filamu Iliyopigwa Nyumbani kwa Haji Hirsi

Garissa kuna watu wanaofanya kazi, kuna watu wanaotafuta kazi, na kuna Yarrow, ambaye kazi ilimtafuta yeye miaka yote bila kumpata. Alikuwa ameshauza viwanja vilivyokuwa katikati ya mto Tana. Alikuwa ameandikisha waumini kwa safari ya hija ambayo ndege yake haijaruka mpaka leo, na polisi walipomwita kituoni kumhoji juu ya safari hiyo, alitoka akiwa ameandikisha askari wawili.

Asubuhi moja alikuwa kwenye hoteli iliyo karibu na soko la mifugo, akinywa chai ya maziwa ya ngamia ambayo hakukusudia kuilipia. Runinga ilikuwa inajisemea peke yake ukutani, mpaka alipotokea Sabrin Abdinoor. Hapo hata mpishi alitoka jikoni na mwiko mkononi. Sabrin ni binti wa mji huu, sasa ni mwigizaji mkubwa huko Ulaya, na uso wake umebandikwa kwenye mabango ya mafuta ya ngozi kutoka Nairobi hadi Dubai. Siku hiyo alikuwa ametuzwa, na mtangazaji akataka kujua alianzia wapi.

"Garissa," Sabrin akajibu kwa Kiswahili. "Nilikuwa bado shuleni. Walikuja watu wakapiga filamu ya mapenzi, inaitwa Nisubiri Hadi Gu. Kijana anaondoka, msichana anamngojea mpaka mvua ya masika. Mimi nilibeba maji tu. Hakuna aliyeiona. Hata mimi sina nakala."

Kisha Haji Hirsi, mwenye loji kubwa kuliko zote mjini na tumbo la kulingana nayo, akaweka kikombe chini taratibu.

"Hii filamu," akasema, "ilibigwa kwangu. Huyu mtoto alikuwa anakula kwangu. Bibi yangu alikuwa anambikia anjera kila asubuhi, na asali."

Meza ya pili alikaa Mheshimiwa Aden, aliyekuwa mwakilishi wadi mpaka siku wapigakura walipofumbua macho. Cheo kiliondoka, jina la Mheshimiwa likabaki, kama harufu ya samaki inavyobaki kikapuni.

"Haji, umri umekuingia," akasema. "Ilipigwa kwangu, pale kwenye ua wa nyuma. Mimi ndiye nilimnunulia Sabrin viatu. Vyekundu."

Yarrow hakujua filamu hiyo ilipigwa wapi. Wakati huo yeye alikuwa Mandera akivusha sukari. Lakini alijua uongo, maana ndio ulimlea. Mtu anayesema kweli hakumbuki asali wala rangi ya kiatu. Akawatazama wazee wale wawili, matajiri, wamevimbiana kama majogoo, kila mmoja akitaka awe ndiye aliyemlisha mtu maarufu. Moyo wake ukafurahi jinsi moyo wa mfugaji unavyofurahi akiona wingu. Akatoka kwa mlango wa jikoni, kwa sababu mlango wa mbele ulikuwa na mtu wa kupokea malipo.

Alipoonekana tena mjini alikuwa amevaa koti, na shingoni amening'iniza kitambulisho chenye picha yake na maneno ya Kifaransa ambayo hata yeye hakujua maana yake. Akaenda kwanza kwa Haji Hirsi.

"Abti Haji," akaanza, kwa sauti ya mtu aliyebeba amana, "kampuni ya filamu imenichagua mimi niwe mwakilishi wao huku. Wanataka kuweka jiwe la marumaru kwenye nyumba alipoanzia Sabrin, limeandikwa jina la mwenye nyumba. Wageni watakuja kuliona, wazungu na Waarabu."

"Hao wageni watalala wapi?"

"Nadhani kwenye loji iliyo karibu na jiwe, Abti."

Haji akafumba macho kidogo. Wachamungu wengine hufumba macho hivyo wakiitaja Pepo.

"Tatizo," Yarrow akaendelea, "Mheshimiwa Aden ameshaniambia ni kwake."

"Aden muongo."

"Najua. Lakini kampuni haimjui. Mimi ndiye jicho lao hapa. Na jicho, Abti, likitembea kwa miguu kwenye jua hili huingia vumbi, likaona nyumba isiyo yenyewe."

"Warya, sema unataka nini."

"Mimi? Sitaki kitu, walahi. Jicho ndilo linataka gari."

Haji akampa Probox nyeupe iliyokuwa ikibeba magodoro ya loji, na karatasi zake zote. Jioni hiyo hiyo Yarrow aliegesha Probox kwa Mheshimiwa Aden na kusema maneno yale yale, ila mahali pa jicho akaweka sikio, na mahali pa vumbi akaweka njaa. Aden hakuwa na gari la kutoa, lakini alikuwa na ngamia. Akatoa majike wawili wa maziwa, mmoja akiwa na mimba. Watu ambao hawajawahi kumpa yatima kikombe cha maji walitoa mali yao kwa furaha, wapate kuandikwa kwenye jiwe kwamba walikuwa wakarimu.

Mambo yangeishia hapo, na Yarrow angekuwa Isiolo anauza ngamia, kama tamaa isingemshika shati. Habari za jiwe zilikuwa zimevuja, na wenye mali wengine wakaanza kumtumia salamu: mwenye kituo cha mafuta, mwenye maduka ya simu, hata daktari wa meno. Wote walikuwa wamekumbuka ghafla kwamba filamu ilipigwa kwao. Lakini Haji na Aden, kila mmoja akitaka mwenzake aumbuke, wakaja na sharti moja.

"Tuione hiyo filamu," akasema Haji. "Watu wote waione, ukumbini kwangu."

"Waone ua wangu," akasema Aden.

Yarrow hakubabaika. Alikuwa ameshapanga kuwaambia kwamba nyumba ya filamu huwa ni mbili, moja hupigwa ndani na nyingine nje, kwa hiyo wote wawili wamesema kweli. Kilichompungukia ni filamu yenyewe.

Akauliza huku na huku, mpaka akaelekezwa Soko Mugdi kwa mwanamke mmoja anayeuza madira na shungi. Aliitwa Gumato, Mborana kutoka Buna, wa makamo, hajaolewa, mwenye uso ambao ungesimamisha soko lote kama angetaka. Hakutaka. Yarrow akamkuta akikunja nguo.

"Abaayo, naambiwa wewe unajua habari ya Nisubiri Hadi Gu."

"Najua," akasema Gumato bila kuinua macho. "Mimi ndiye niliyekuwa nasubiri."

Ikawa hivyo kweli. Yeye ndiye aliyekuwa bibi harusi wa filamu ile, msichana mwenyewe wa hadithi, na Sabrin alikuwa mdogo wake wa kubeba mtungi. Wale wapiga filamu waliishiwa wakashindwa kumlipa, wakamwachia diski moja badala ya ujira. Aliitoa chini ya meza, imefungwa kwenye kitambaa cha dira.

"Nitakununulia," akasema Yarrow. "Ni kitu cha zamani, hakina soko, lakini mimi napenda sanaa."

"Vizuri. Basi nipe gari hilo uliloliegesha hapo, na ngamia wale wawili."

Yarrow akacheka. Gumato hakucheka. Yarrow akamwita dada, akamwita shangazi, akamlilia umaskini, akamtishia kidogo, kisha akamsifu macho. Gumato aliendelea kukunja nguo. Mwishowe Yarrow akapiga hesabu zake: mwenye kituo cha mafuta peke yake alikuwa na magari zaidi ya kumi. Probox moja ilikuwa chambo tu.

"Nionyeshe kwanza kama ni yenyewe," akasema.

Gumato akaiweka kwenye runinga ndogo ya kibanda. Kweli ilikuwa yenyewe. Jina likatokea, mto ukatokea, na Sabrin akapita na mtungi kichwani, mwembamba kama fito. Halafu kijana na Gumato wa wakati ule wakasimama chini ya mgunga wakitazamana, na hawakuacha kutazamana. Yarrow akapiga mwayo.

"Hii filamu inatembea kama ngamia mgonjwa."

"Ngoja uone yote," akasema Gumato.

"Nimeshaona. Anaondoka, unangoja, mvua inanyesha, anarudi."

"Kaa, Yarrow. Huko mbele kuna watu unaowajua."

"Abaayo, filamu za mapenzi ni moja tu duniani. Zima."

Gumato akazima. Akapokea ufunguo na karatasi, akampigia simu kaka yake aje achukue ngamia, akamfungia Yarrow diski vizuri kwenye kitambaa. Alimwambia mara mbili aitazame. Mjanja, lakini, hapendi kufundishwa, hasa na mtu anayeuza shungi.

Siku ya maonyesho ukumbi wa Haji ulijaa baada ya swala ya alasiri. Mapazia yalifungwa, wanaume wakakaa upande huu na wanawake upande ule. Haji na Aden walikaa mbele kwenye viti vya harusi. Yarrow akasimama akasema maneno mazuri juu ya ukarimu wa wazee wetu, ambao bila wao nyota hii isingeng'aa. Watu wakapiga makofi. Filamu ikaanza.

Mwanzo ulikuwa ule ule. Nyumba ya filamu ilikuwa kibanda cha udongo ukingoni mwa mto, kisichofanana na loji wala ua wa mtu yeyote, na minong'ono ikaanza. Yarrow akafungua kinywa kueleza habari ya nyumba mbili. Kabla hajatamka, ikafika sehemu ya harusi.

Msichana ameketi amefunikwa shela. Sabrin anapita na mtungi. Ghafla wanaume wenye fimbo wanaingia wakipiga kelele, na hawaigizi. Aliye mbele ni Haji Hirsi, tumbo lake likiwa bado changa. Anapiga mtungi kwa fimbo, unapasuka, na Sabrin analowa kichwa hadi miguu, anasimama akilia. Nyuma yake ni Aden, anamnyooshea Gumato kidole machoni.

"Malaya wewe," Aden wa ukutani akasema, na spika za Haji zilikuwa nzuri. "Nani atakuoa sasa? Jina lako tutalitaja msikitini."

Wapiga filamu hawakuwa na fedha za kukodi waigizaji wa fujo, kwa hiyo walikuwa wameacha kamera izunguke bila wavamizi kujua, wakawafanya hawa kuwa jamaa wabaya wa bwana harusi. Na waliigiza vizuri mno.

Halafu kikongwe mmoja upande wa wanawake akasema polepole, "Kumbe kweli Haji, ilipigwa kwako. Na wewe ndiye uliyepiga." Kicheko kilichofuata kilitikisa mapazia. Aden akainuka kutafuta mlango, akakanyaga waya, lakini filamu haikuzimika. Ikaendelea mpaka mwisho, msichana peke yake kwenye mvua, na hakuna aliyerudi. Yarrow aliona wanawake wakifuta macho kwa shungi zao. Akakumbuka kwamba Gumato hana mume. Ilimchoma kidogo, kisha akakumbuka kwamba yeye mwenyewe hana gari, ikamchoma zaidi.

Haji na Aden, ambao hawakuwa wamekubaliana jambo tangu siku ile ya fimbo, walikubaliana tena siku hiyo. Wakamshtaki Yarrow mbele ya wazee wa maslaha, wale wanaosuluhisha ugomvi wa mji.

"Semeni dai lenu," wazee wakasema.

Haji akasimama. Akafikiri. Angesema nini? Nilimpa gari ili anisaidie kusema uongo? Akakohoa, akakaa. Aden akasimama, akatazama watu, akakumbuka kwamba uchaguzi unakuja, akakaa pia. Wazee wakasoma dua, wakaenda nyumbani. Lakini vijana wa Haji hawakuhitaji kusema dai lolote, na Yarrow alipoambiwa wanamtafuta, alidandia lori la vitunguu lililokuwa linakwenda kaskazini.

Alimfuata Gumato mpaka Buna. Akamkuta nje ya nyumba ya kaka yake, anapakia vitambaa kwenye Probox. Gumato hakushangaa. Mgeni ni mgeni. Akampa maziwa kwanza, akamwacha anywe mpaka chini.

"Gumato," akasema Yarrow, "umenitapeli."

"Mimi?"

"Umenitapeli, walahi. Nirudishie gari. Ngamia bakia nao."

"Nilikuuzia filamu ya Sabrin. Ilikuwa si yenyewe?"

"Ilikuwa yenyewe."

"Nilikwambia uitazame yote. Sikukwambia?"

"Uliniambia."

"Basi nionyeshe uongo wangu uko wapi, nikurudishie gari sasa hivi."

Yarrow akautafuta. Alikuwa bingwa wa kazi hiyo, akaupekua mkataba ule mbele na nyuma, maneno yote, bei, diski, hata kitambaa. Hakukuwa na uongo wowote mle, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akahisi hofu ya kweli. Unaweza kupambana na mwongo. Mtu wa namna hii, unaanzia wapi?

"Kuna nakala nyingine?" akauliza mwishowe.

"Sabrin anayo sasa. Nilitoa nakala kabla ya kukuuzia, nikamtumia. Alinipigia simu juzi, tukalia sana. Amenialika kwake." Gumato akafunga mlango wa nyuma. "Mimi naenda Moyale kuuza nguo. Wewe unakwenda wapi?"

Yarrow akatazama barabara pande zote mbili. Upande mmoja kulikuwa na vijana wa Haji, upande wa pili kulikuwa na vumbi.

"Moyale," akasema, akashika mlango wa mbele.

"Hapo anakaa kaka yangu. Nyuma kuna nafasi, katikati ya mbuzi."

Yarrow akaingia nyuma. Mbuzi mmoja akamtazama, akaanza kutafuna ukosi wa koti lake. Gumato hakuwasha gari. Alikuwa amegeuka, amenyoosha mkono, kiganja juu.

"Nauli," akasema. "Na ni kabla ya safari."

Yarrow akalipa.