Mkono wa Kutetemesha Gitaa

Jumatatu, 7 Julai 2025. Kindu.
Soudi, mpiga gitaa wa baa, ameweka mkono wa chuma kwenye gitaa lake. Anaubonyeza, nyuzi zinatetemeka kama mtu anayelia, baa nzima inapiga makofi. Mimi napiga peke yangu chumbani, ukuta unasikiliza. Orkesta yetu iliishia kwenye vita vya zamani: Arsène, mpiga besi, alikwenda Punia na hakurudi. Nicole, mwimbaji wetu, alihamia Kalima. Jumamosi anakuja kwenye arusi ya mtaani kwetu, nami nitapiga! Lazima gitaa langu litetemeke. Akilisikia, hataondoka tena.

Jumanne, 8 Julai
Vifaa vya Goma havifiki tena, vita vimefunga njia. Lakini Mama Jamila sokoni ana mkono mmoja kutoka Kisangani, pamoja na springi yake moja ya kuurudisha, bei rahisi. Nikamwambia ni kwa ajili ya gitaa la kanisa. Akauliza kanisa gani. Nikasema yote. Yeye ni Mwislamu, lakini alicheka sana.

Jumatano, 9 Julai
Matundu ya skrubu hayalingani. Nikatoboa mengine kwa msumari wa moto. Kumbe gitaa langu si ubao, ni unga wa mbao ulioshindiliwa! Unamwagika. Nikajaza gundi, nikafunga. Nikabonyeza. Lililia! Karibu nami nilie. Nikaachia: nyuzi zote zimelegea, sauti ya mbuzi mgonjwa.

Alhamisi, 10 Julai
Nikaenda kwa Soudi, nikasema rafiki yangu ana shida na mkono wake. Akauliza jina la rafiki. Nikasema Florentin. Njo jina langu! Hakucheka sana. Akashauri nipake unga wa penseli nyuzi zinapopita, nibonyeze polepole, gundi ikauke vizuri. Tena akaniomba tupige pamoja arusini. Mtego, anataka kunifunika mbele ya Nicole! Sitapaka chochote. Nitabonyeza kwa nguvu.

Jumamosi, 12 Julai
Nicole alinikumbatia mbele ya watu. Akasema, "Florentin, uko ungali muzima! Tupigie ule wimbo wa Arsène." Nikaanza. Alifumba macho, akaimba. Miaka yote hiyo, na sauti ni ileile! Nikaona ndiyo nafasi. Nikabonyeza kwa nguvu zote. Mkono ukang'oka na kipande cha gitaa, ukatua ndani ya sahani ya shangazi wa bibi arusi, kwenye sombe ya majani ya muhogo. Kelele, vicheko. Soudi akaninyoshea gitaa lake. Nikasema kidole kinauma. Nicole akamaliza wimbo na Soudi. Nilisikiliza nikiwa nje, karibu na kreti za bia, nimekumbatia gitaa bovu.

Jumapili, 13 Julai
Nicole alibisha hodi kabla ya kuondoka. Sikuweza kufungua: nilikuwa nagandisha kipande kilichong'oka, vidole vya mikono yote miwili vimeshikwa na gundi kwenye gitaa. Akaongea mlangoni. Alisema zamani, wakati wa risasi, tulipiga polepole ndani ya nyumba, gitaa tupu bila mkono wa chuma, na njo sauti ile anayoikumbuka. Alisema Kalima kuna kwaya haina mpiga gitaa. "Kuja vile uko, Flore." Nikamjibu asubiri kidogo, kazi inakaribia kwisha. Akasubiri. Kisha pikipiki ikanguruma, ikaenda.

Nimechunguza vizuri. Kosa ni springi. Moja haitoshi. Kesho natafuta tatu.