Bi Mkubwa Namba Sifuri

Leo nimevuliwa nguo mbele ya wakwe. Na aliyenivua ni mimi mwenyewe.

Wengi wenu mnajua kwamba tangu nistaafu ukarani najifunza PHP, ile lugha ya kuandikia kurasa za mtandaoni. (Mzee mzima wa kidato cha nne. Wenzangu wanacheza bao.) Leo wakwe walikuwa wanatoka Rondo kuleta posa ya binti yangu Zaituni. Nikaona kuutambulisha ukoo kwa mdomo ni mambo ya zamani. Nitawaonyesha kwenye runinga!

Kwa msioijua kazi hii: array ni kama kapu, na kapu unaweza kulitia ndani ya kapu jingine. Mimi nilikuwa na kapu la wake zangu wawili, bi mkubwa Mwanahawa na bi mdogo Somoe. Ndani ya kila mke, kapu la watoto wake. Ukitaka kumtoa mtu, unataja namba ya mke, kisha namba ya mtoto. Mke wa kwanza nikaandika [1], wa pili [2]. Zaituni ni mtoto wa pili wa bi mkubwa, basi [1] halafu [2]. Kuna ugumu gani hapo?

Asubuhi akaja shemeji yangu Sefu, kaka yake Somoe, mwenye duka la simu Kilwa Masoko. Alikuja kuunganisha kompyuta na runinga. Yule simwamini. Anacheka kabla hujasema kitu. Natoka kutawadha, namkuta ameinama juu ya kompyuta yangu.

"Unatafuta nini humo, shemeji?"

"Naongeza mwanga tu."

Mwanga! Nikaliweka moyoni.

Wakwe wakafika. Bi Mwanahawa akawapokea mwenyewe mlangoni, kanga mpya, akawakalisha, kisha akasimama karibu na mlango wa uani kusubiri jina lake. (Nilimwahidi litakuwa la kwanza. Wiki nzima alikuwa akiulizia.) Nikakohoa. Nikabonyeza.

Mke wa kwanza: Somoe
Mke wa pili:
Binti anayeposwa: Shabani

Shabani ni mtoto wa tatu wa Somoe. Fundi pikipiki. Ana ndevu kunishinda mimi.

Baba mkwe, mtu mpole kweli, akaisogelea runinga, akasoma tena.

"Samahani, mkwe. Sisi tulikuja kwa ajili ya Zaituni."

"Ndiye huyo huyo, Zaituni."

"Na huyu mama aliyetupokea mlangoni, ni mgeni kama sisi?"

Nilitamani ardhi inimeze. Bi Mwanahawa hakupiga kelele. Afadhali angepiga.

"Umeniacha lini, mume wangu? Siku hizi talaka zinatolewa kwenye runinga?"

"Bi mkubwa, subiri..."

"Naenda kwa kaka zangu Mitole. Kama mimi simo, basi posa ya mwanangu haipokelewi leo. Na pilau lenu apakue huyo wa kwanza."

Somoe akatazama dari. "Mimi sijasema kitu," akasema. (Nani alikuuliza?) Hapo mashaka yangu yote yakapata mwenyewe. Nikanyoosha kidole.

"Ni Sefu! Nimemkuta asubuhi kwenye kompyuta yangu. Amempandisha cheo dada yake!"

"Wallahi shemeji, nimegusa mwanga tu!"

"Mwanga gani unaofuta mke wa mtu? Kaeni hapo. Ipo amri ya kulimwaga kapu zima, kila kilichomo kionekane. Leo mtamwona mwizi kwa macho yenu."

Nikaandika amri. Nikabonyeza. Majina yakamwagika runinga nzima, na juu kabisa:

[0] => Mwanahawa
[1] => Somoe

Kila mtu yuko palepale nilipomweka. Hakuna mkono wa Sefu wala wa jini. PHP inaanza kuhesabu na sifuri. Nililisoma hilo mwezi uliopita, nikacheka, nikasema nani anahesabu hivyo? Kwa wake, namba moja ni mtu wa pili, na namba mbili hayupo kabisa; kwa watoto, namba mbili ni wa tatu, ndiye Shabani. Kompyuta ingenionya, lakini maonyo yote niliyazima mwenyewe. (Yalikuwa yanachafua ukurasa.)

Nikaeleza. Nikamwomba Sefu radhi mbele ya wakwe, na kwa mara ya kwanza Sefu hakucheka. Kosa ni langu, yeye hana hata chembe. Ndipo bi mkubwa, kifurushi kwapani, akasogea kusoma.

"Kumbe nimo."

"Umo, bi mkubwa! Tena wa kwanza kabisa!"

"Mbona nimeandikiwa sifuri?"

"Sifuri ndiyo ya kwanza."

"Aa. Nimekupikia maisha yangu yote, kumbe namba yangu sifuri."

Baba mkwe alijikaza, akashindwa. Alicheka mpaka kofia ikaanguka. Hata Zaituni nilimsikia huko chumbani.

Posa imepokelewa, alhamdulillahi. Kifurushi kimefunguliwa. Sasa hivi bi mkubwa kaniletea chai. Nimeonja, haina utamu wowote.

"Bi mkubwa, umetia sukari vijiko vingapi?"

"Nimetia kile cha kwanza," akasema, anaondoka zake. "Cha sifuri."

Nainywa hivyohivyo. Na ninyi chekeni kimyakimya.