Kitunguu Kibichi Katika Kikombe cha Maziwa

Kwa Mheshimiwa Kagabo,
Msemaji wa ukoo wa bibi harusi,
Rebero, Kigali.

YAH: KUOMBA POSA IRUDIWE KWA SABABU YA KITUNGUU

Ndugu Kagabo,

Amani iwe nyumbani mwako. Nakuandikia kwa Kiswahili, lugha tuliyochapiwa viboko pamoja shuleni Karagwe, ili vijana wa hapa wakiikuta barua hii waone uvivu kuisoma. Sina ugomvi. Nina malalamiko matano tu, nawe ni mtu wa haki.

1. Jumamosi iliyopita nilikuja kwenu kumposea Hirwa, mtoto wa marehemu kaka yangu, binti yenu Mukunde. Shangazi wa binti, Bi Nyirahabimana, akanikabidhi inkongoro, kile kikombe cha mti cha maziwa, nikakipokea kwa mikono miwili. Ndani mlikuwa na mtindi, sikatai. Lakini mlikuwa pia na kitunguu kibichi kilichokatwakatwa, tango, chumvi na bizari ya kukaanga! Ndugu yangu, ng'ombe alitukosea nini?

2. Nimefanya uchunguzi. Mukunde alisomea ufamasia India miaka minne, akarudi na shahada na kitu hiki. Kinaitwa raita, na huko hukiweka pembeni ya pilau ili kupoza mdomo. Aliona inkongoro inapendeza mezani, akakitia humo. Shangazi naye akaiona inkongoro, akajua ni maziwa ya mgeni. Nilipompigia simu Mukunde alinijibu kwa Kiswahili chake cha Kigali: "Papa, ile iko ya kula na pilau, haiko ya kunywa." Sasa ndiyo ananiambia!

3. Mila unaijua. Maziwa ya ukweni hayakataliwi, hayabakizwi, na hayatafunwi. Ningefanyaje? Nilimeza. Vipande vyote, kimoja baada ya kingine, huku nikitabasamu, mbele ya watu themanini na mpiga video. Machozi yakanitiririka. Mimi, niliyeng'olewa magego mawili kwa siku moja bila kusema ah!

4. Hapa ndipo penye kidonda. Wewe, Kagabo, uliyapokea machozi yale kama hoja. Ulipaswa kunikatalia. Ulipaswa kusema binti hayupo, yuko masomoni, ameshaposwa na kijana wa Gitega, kama wanavyosema watu wenye adabu siku ya posa, nami nikujibu. Badala yake ulisimama, ukavua kofia, ukasema mtu anayemlilia binti yetu namna hii asicheleweshwe, mchukueni. Dakika nne! Hotuba yangu ilikuwa ya kurasa kumi na moja. Niliifanyia mazoezi wiki tatu mbele ya kioo, mke wangu Épiphanie akiigiza kuwa wewe, na alinikatalia vizuri kuliko wewe ulivyowahi kukataa jambo lolote. Katika ukurasa wa nne lilikuwamo jina la kaka yangu. Nilitaka lisikike siku ile. Halikusikika. Limeniuma, nalisema waziwazi.

5. Mtaa wetu wote wa Kabeza sasa unaniita Mzee Machozi. Familia mbili zimeniomba nikawaposee, na zote zimesisitiza nisisahau kulia. Moja imeuliza kama huwa nakuja na kitunguu changu mwenyewe.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, yafuatayo. Mukunde arudi kuwa hajaposwa kwa muda wa saa mbili. Ng'ombe wa mahari arudishwe kwetu asubuhi, nimlete tena mchana, naye aelezwe mapema asishangae. Wewe unikatalie mara tatu, ya tatu iwe kwa ukali. Na kitunguu kikae hatua mia moja mbali na chochote kilichotoka kwa ng'ombe, jambo ambalo nitalifikisha kwenye mkutano wa mtaa, kisha wilayani, na ikibidi kwa nchi zote za Afrika Mashariki. Bila hayo, Jumamosi hii sifiki harusini, na unajua Hirwa hana baba mwingine wa kusimama naye.

Nisalimie mama Mukunde, Bi Nyirahabimana, majirani wa Rebero bila kubagua, mpiga video, na ng'ombe.

Wako, mtu wa maziwa matupu,

Rutayisire,
Kabeza.

N.B. Inkongoro yenu, niliyoondoka nayo siku ile, naituma pamoja na barua hii. Kwa kuwa chombo cha maziwa hakirudi kitupu, nimekijaza. Nimetengeneza mwenyewe, Mukunde akinielekeza kwa simu. Alisema nusu kitunguu, mimi nimetia kizima. Bakuli la majaribio alilimaliza Épiphanie, la pili nimelimaliza mimi. Nawe shuleni ulikuwa ukinishinda hesabu, kwa hiyo utakuwa umeshang'amua kwamba kitunguu kisichotafunwa hakimlizi mtu. Nilianza kulia kabla sijakipokea kikombe, pale Hirwa alipoketi akainamisha kichwa vilevile alivyokuwa akikiinamisha baba yake. Hata ungenipa siku nzima, ukurasa wa nne nisingeuvuka. Posa iache ilivyo. Jumamosi nitakuja, nitakaa ubavuni kwa Hirwa. Niwekee kijiko.