Bibi Harusi na Mpira wa Rejeta

Jumatatu, 3 Juni
Ushindi! Mdogo wa mke wangu anaolewa Jumamosi na amechagua gari langu la michezo. Jekundu, milango miwili. Kaka yao, yaani shemeji, alitaka apande lake, la kijivu, lenye sura ya kabati. Anasema langu ni la kuegeshwa tu. Wivu.

Jumanne, 4 Juni
Nimefungua boneti nipanguse vumbi. Mpira wa juu wa rejeta umevimba kama shavu lenye jino bovu. Fundi ameubonyeza, akasema umeoza kwa ndani, nibadilishe mipira yote minne ya maji. Ya gari hili huagizwa, wiki mbili. Gari lipumzike, anasema. Mafundi hawana imani.

Jumatano, 5 Juni
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Mimi nina upara, lakini leo zimeota. Mpira wa kutolea maji wa mashine yetu ya kufulia umeenea kwenye rejeta utadhani pacha wake. Nimeukata kwa kisu cha mkate, nikakaza vibano. Nimewasha injini dakika nzima. Hata tone.

Alhamisi, 6 Juni
Mke wangu kafua. Maji yamefika sebuleni. Nimemsingizia panya. Ameuliza ni panya gani anayekata kwa kisu kisha akakirudisha kabatini.

Jumamosi, 8 Juni
Bibi harusi kaingia, shela hadi kwenye usukani. Foleni. Mshale wa joto ukapanda. Nikamwambia magari ya kasi ndivyo yalivyo. Pu! Mvuke kila mahali. Akalia, akasema nimemharibia siku yake. Nilitamani ardhi inimeze. Shemeji akasimama nyuma yetu na kabati lake, akamfungulia mlango, wakaenda. Alinipungia mkono tu, kwa upole. Hilo ndilo lililoniuma zaidi.

Jumapili, 9 Juni
Bibi harusi amepiga simu kunisamehe. Kumbe alifika kabla ya bwana harusi. Fundi amenieleza kwamba mpira ule haukutengenezwa kwa maji yanayochemka. Kweli, asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Mke wangu ameniapisha nisiiguse tena mashine yake. Nimeapa kwa moyo mweupe.

Jioni tumemtembelea mama mkwe. Amenunua mashine mpya ya kufulia. Mpira wake ni mnene zaidi.