Ombi la Kupiga Marufuku Gripu Nzuri

Fundi Marselino,
Banda la pili ukiipita mashine ya kusaga,
Rwamgasa.

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi wa Senta.

Mzee wangu Mihayo, shikamoo.

YAH: GRIPU NZURI ZISIUZWE TENA HAPA SENTA

Mwangaluka, na poleni na vumbi la makarasha ya mawe. Mimi mwanachama wako mtiifu, yule mwenye pengo, nakuandikia nikiwa na akili timamu, ingawa mke wangu Mama Lusia ana mawazo tofauti juu ya hilo. Naomba kikao kijacho kipige marufuku gripu nzuri, yaani zile plaizi za kujifunga ambazo ukizibana kwenye boliti unaweza kuziachia ukaenda kunywa chai, na ukirudi unazikuta zimeshika vilevile. Zibaki mbovu tu. Sababu zangu ni hizi, na nakusihi usicheke kabla hujafika ya nne.

1. Gripu nzuri inamtesa mtu kuichagua. Unatujua sisi watu wa dhahabu tulivyo, kitu kiking'aa moyo unaruka. Gripu yangu ya kwanza kabisa niliichagua hivyo hivyo. Niliigeuzageuza juani, nikaipima kwenye kimizani cha dhahabu cha jirani, nikaing'ata, nikamwambia mwenye duka asinifundishe kazi. Siku ya kwanza tu iliteleza kwenye boliti ikanifuata usoni, ikaondoka na jino langu la mbele. Tangu hapo nikawa na adabu. Sasa nafunga taya zake nazitazama kwenye mwanga; nikiona mwanga unapenya katikati, narudisha. Napitisha tupa kwenye meno, yakilika, narudisha. Nazungusha skurubu ya nyuma, ikichezacheza, narudisha. Mwenye duka pale Geita akiniona naingia anakumbuka kwamba hajala. Kwa taabu hiyo nikapata nne, nyeusi tii, hazina mvuto wowote, lakini zinashika mpaka unaionea huruma boliti. Mikosi ikaanzia hapo.

2. Gripu nzuri hairudi nyumbani. Pikipiki ya Festo, kijana wa bodaboda, ilivunjika pedeli ya gia. Nikabana gripu kwenye kipande kilichobaki, nikamwambia hiyo ni ya muda, atafute spea. Spea zimejaa tele, ila Festo anasema gia hazijawahi kuingia tamu namna hii. Nikimdai, anapiga honi, ananiamkia kwa heshima zote, kisha anabadilisha gia kwa mali yangu na kuondoka.

3. Inakuletea sifa usizoziomba. Bomba la maji la kigango chetu lilikatika koki, nikalisaidia kwa gripu ya pili. Jumapili katekista akasimama mbele ya waumini akanishukuru kwa kulitolea kanisa koki. Watu wakapiga makofi. Nami, kwa ujinga wangu, nikasimama nikapunga mkono. Sasa naanzaje kumnyang'anya Mungu koki? Na nyumbani nako si salama. Ya tatu aliiazima Mama Lusia siku moja tu, sufuria la ugali lilipong'oka mkono. Nilipoifuata alinijibu bila hata kugeuka: "Ichukue, Baba Lusia, lakini sufuria utalishika wewe." Nikaiacha. Napenda ugali.

4. Hapa ndipo roho inaponiuma. Mama Jenifa, mwenye karasha la kusagia mawe kule mwisho wa senta, ndiye mteja anayenilishia watoto. Mwaka jana boliti ya kukazia mkanda wa injini yake iliisha nyuzi, nikaibana kwa gripu ya nne, ya muda, nikaisahau. Sasa mkanda umechakaa na lazima ubadilishwe, na gripu imeganda kwa kutu na tope. Haifunguki mpaka ipatikane gripu nyingine nzuri ya kuifungulia. Ninazo nne, Mzee wangu, na sina hata moja. Mama Jenifa amesema ikifika Jumamosi sijaifungua, karasha linakwenda kwa fundi mwenzangu Ansgar moja kwa moja. Nikilikosa hilo nimekwisha, nitarudi kuziba pancha za baiskeli.

Na huyo Ansgar huchagua gripu kwa kung'aa, kama mimi wa zamani. Zake hazishiki kitu, kwa hiyo jioni zote ziko mfukoni mwake zinameremeta, naye anaonekana fundi kweli. Namwonea wivu, sifichi. Hebu fikiria: tungekuwa na mbovu tupu, kanisa lingekuwa na koki, Festo angekuwa na pedeli, mke wangu angekuwa na sufuria jipya, na mimi ningekuwa na vifaa. Kwa maendeleo ya senta nzima zipigwe marufuku. Na muda ukiruhusu, kikao kiutazame upya hata ufundi mzuri wenyewe, maana nao una madhara hayo hayo.

Nisalimie Mama Hosiana na wajukuu, na mafundi wote wa upande wako, pamoja na wale wanaolicheka pengo langu.

Ni mimi kijana wako, mikono mitupu,
Marselino (Baba Lusia).

Nyongeza: Mzee, nilikuwa bado sijaifunga bahasha. Leo Jumamosi Ansgar aliwahi karashani kabla yangu. Gripu yake imeteleza juu ya gripu yangu ikaondoka na jino lake, lile lile la mbele. Mama Jenifa kaitazama yangu, haijatikisika hata kidogo, akasema mbele ya watu wote: "Kazi hii Marselino aliishika, na bado kaishika." Akamtuma Festo anifuate. Tulipofika Festo kaing'oa ya kwenye gia kwa mkono wake mwenyewe, nikafungulia ya karasha, nikabadilisha mkanda. Kisha ya Festo nikamrudishia, siwezi kumwacha mtu atembee na gia moja. Ya karasha nayo nimeibana tena pale pale, ya muda tu. Kwa hiyo barua hii usiisome kikaoni. Ukienda Geita ninunulie nyeusi mbili, uzitazame kwanza kwenye mwanga. Ansgar naye kaagiza moja. Mchagulie inayong'aa.