Plau ya Theluji na Posa ya Miska

Jumamosi, 17 Januari 2009. Barking, London.
Mkutano wa klabu yetu ya reli za bustani, sisi wenye treni ndogo za uani. Watu wachache, biskuti chache zaidi. Pritesh wa Queensbury kaja na plau yake ya theluji. Plau gani! Kipande cha bati kilichokunjwa, kimefungwa mbele ya kitreni. Kasukuma unga wa ngano juu ya meza, watu wakapiga makofi. Nikasimama. Nikasema plau ya kweli ni ya kuzunguka: gurudumu la mapanga linalomeza theluji mbele na kuitema pembeni. Nikasema ninayo, inafanya kazi. Sina. Pritesh akauliza kwa upole mtu wa Unguja ataijulia wapi theluji. Yeye kwao Kisumu!

Jumatano, 21 Januari
Kazi inakwenda. Mapanga nimeyakata kwenye kopo la samli. Mota nimeitoa kwenye drili ambayo Mwatima, mke wangu, alininunulia nitundike mapazia. Mapazia yatasubiri. Gamba la nje ni sufuria ndogo ya maziwa, nimeitoboa mdomo upande wa kulia wa kutemea theluji.

Mwatima ameuliza ni lini theluji ya maana ilianguka Barking mara ya mwisho. Sikupenda alivyouliza. Halafu akaleta habari. Mzee Talib wa Neasden anakuja Jumapili ya tarehe mosi kumposea mwanawe Munir. Anamtaka binti yetu Miska. Na Miska anamtaka Munir, hilo halina siri, siku hizi anaimba hata akiosha vyombo. Ila Mzee Talib ana wasiwasi. Kasikia kwamba baba wa binti, mtu na mvi zake, hucheza treni uani. Kasema akiona mchezo anarudi na posa yake. Kwa hiyo Mwatima anaomba jambo moja tu: siku hiyo treni isionekane.

Nimekubali. Miska naye kaniomba, kwa Kiingereza. Kiswahili anakisikia chote, lakini tangu aanze shule hajawahi kutujibu kwacho. Macho yake yalikuwa na machozi. Nikamwambia asijali.

Ijumaa, 23 Januari
Nimefikiri ofisini kutwa nzima. Kuficha treni ni kukiri kosa. Mzee Talib anaogopa mchezo. Je, akiona mashine ya kazi? Mtu mwenye mashine ya kusafisha theluji si mtu wa mchezo, ni fundi. Posa inategemea plau! Mwatima sijamwambia. Mambo ya ufundi humuumiza kichwa.

Jumapili, 25 Januari
Jaribio. Theluji hakuna. Unga Mwatima kauficha. Povu la sabuni halina uzito. Nikafungua friza, nikaona pakiti za nazi iliyokunwa, iliyogandishwa, nyeupe, imeshikana mabonge mabonge. Nikacheka peke yangu. Sisi watu wa pwani theluji tunaijua tangu utotoni, ila tunaila.

Nimemwaga pakiti zote kwenye reli. Plau ikaingia. Lo! Nazi iliruka juu ya ua wa jirani kama maua harusini. Nimefanya mizunguko mpaka imekwisha. Mbweha wawili wamekuja kula, hawakuogopa hata kidogo. Huu ndio ushahidi kwamba mashine haina kelele.

Jioni Mwatima akatafuta nazi zake. Zilikuwa za wali na samaki wa wageni. Yaliyosemwa siyaandiki.

Alhamisi, 29 Januari
Pritesh kapiga simu, eti kunijulia hali. Akanichokonoa mpaka nikamweleza plau yangu. Akasema ina kasoro moja. Inatema kulia. Ikienda kule mwisho wa bustani itatema kwa jirani, sawa. Lakini reli ni ya mduara, na ikirudi kwa upande wa nyumba, kulia kwake ni mlango wa jiko. Akanishauri nitie kifuniko cha kugeuza mdomo.

Nikamwambia nilishalifikiria hilo zamani. Nimekata simu, nikakitia. Kinavutwa kwa uzi. Nimekivuta kikageuka vizuri kabisa. Nikamwandikia Pritesh kumweleza jinsi nilivyokibuni.

Mwatima kaniambia niisafishe ile sufuria, imejaa nazi ndani na inanuka. Nazi haina ubaya. Inalainisha.

Jumapili, 1 Februari
Wageni wamefika baada ya Magharibi: Mzee Talib, nduguye, na shangazi wa Munir. Mzee ni mrefu, mkimya, kavaa kofia ya viua ya zamani. Shangazi kamnong'oneza Mwatima kwamba alishonewa na marehemu mkewe, na ilimchukua karibu mwaka. Mzee haivai ila kwa jambo kubwa. Basi nikafahamu kwamba anatupa heshima.

Mambo yalikwenda vizuri. Nimezungumza habari za kodi na bei ya mafuta kama mtu mwenye akili. Posa ikatolewa kwa maneno mazuri. Nikasema tutawapa jibu, kama ada. Mwatima akanitazama kwa mapenzi, jambo nililokwisha kulisahau.

Halafu shangazi akafungua pazia atazame gari. Theluji! Nyingi, ya kweli, inashuka bila haraka. Barabara imefunikwa, na walipojaribu kuondoka gari likateleza hadi ukingoni, halitoki. Neasden ni mbali. Tumewatandikia sebuleni na chumba cha juu. Mwatima anasoma dua barabara zifunguke. Mimi pia nimesoma dua, lakini si hiyo.

Jumatatu, 2 Februari
Nimeamka, bustani yote nyeupe. Redioni wanasema hakuna basi hata moja London nzima. Hakuna kazi. Hakuna reli inayoonekana, ila mimi naijua ilipo.

Nimetoka mapema na injini mbili nyuma ya plau. Mwatima akagonga kioo cha jikoni, akatikisa kichwa, akaunganisha viganja kuniomba. Nikamwashiria asubiri. Nikawasha.

Wallahi ilifanya kazi! Theluji iliruka juu ya ua wa jirani kama bomba la zimamoto. Na Mzee Talib akafungua mlango wa jiko, kikombe cha chai mkononi, kofia kichwani. Akaangalia. Akasogea mbele aone vizuri! Nikasema moyoni, amekwisha kunaswa.

Treni ikakata kona, ikaanza kurudi upande wa nyumba. Nikavuta uzi wa kifuniko. Hakigeuki. Nikavuta tena, uzi ukabaki mkononi. Mafuta yote ya nazi yalikuwa yameganda mle ndani, magumu kama nta.

Mzee alikuwa ananyanyua kikombe, anasema bismillahi. Theluji ikamwingia mdomoni, machoni, masikioni, pamoja na vipande vya nazi ya wiki iliyopita. Kofia ikaruka. Ikaanguka relini, mbele ya mapanga. Mashine ikaimeza, kama nilivyoiunda.

Nikaizima. Mzee alisimama kichwa wazi, nywele zake nyeupe na chache. Hakunitukana. Akauliza tu, kwa sauti ndogo, kofia iko wapi. Hapo niliona uchungu, naandika kama ilivyokuwa. Niliona uchungu na aibu, nikatamani theluji inifunike.

Akasema wanaondoka. Nduguye akamkumbusha kwamba hakuna pa kwenda.

Kwa hiyo wamekaa kutwa nzima. Mzee sebuleni kajitanda taulo. Mimi jikoni, nimekatazwa kutoka. Miska alitoka nje bila koti, akaokota kofia na kila uzi uliobaki kwenye theluji. Akaiosha, akaikausha kwenye hita, akamwomba shangazi sindano. Akakaa chini miguuni kwa mzee akashona. Hajui kushona viua. Akawa anamuuliza mzee hiki kilipitaje, na hiki kilikuwa wapi, na mzee anamwonyesha kwa kidole. Alikuwa anauliza kwa Kiswahili. Kibovu, lakini Kiswahili. Mwatima akaingia jikoni akalia juu ya sinki. Nikamwambia shida ni kifuniko tu, kitatengenezeka.

Jumanne, 3 Februari
Barabara zimefunguka. Wageni wameondoka. Mzee Talib kaivaa ile kofia, imepinda na ina kiraka cha uzi wa buluu. Miska kambusu mkono. Mimi kanipa salamu ya kichwa. Posa hakuitaja. Jibu letu la ndiyo liko tayari, lakini Mwatima anasema sasa wa kungojewa si sisi. Miska hali chakula.

Mwatima kanionyesha chupa ya mafuta ya nazi dirishani bafuni. Imeganda tangu Novemba, naiona kila asubuhi nikichana nywele. Sijui kwa nini amenileta hadi bafuni kunionyesha chupa.

Jumamosi, 7 Februari
Mzee Talib kapiga simu! Posa iko palepale. Kasema binti aliyekaa kutwa miguuni pake kwa ajili ya kofia ya marehemu, huyo ni mwanawe tayari. Miska kapiga kelele mpaka jirani kagonga ukuta. Mwatima kaswali rakaa mbili. Mimi nimefurahi kuliko wote. Kama si plau yangu, mzee angeijuaje tabia ya mtoto?

Harusi ni Julai. Mzee ana sharti moja. Itakuwa ukumbini, si hapa, na pasiwe na kitu chochote kinachotembea juu ya reli sakafuni. Mwatima kanifanya nilikariri mara mbili.

Nimelitafakari jioni hii. Sharti ni la haki. Kosa lilikuwa la hali ya hewa. Julai hakuna baridi, na asumini hazina mafuta. Plau ikijazwa asumini zilizochumwa asubuhi, itawamwagia maharusi kwa dakika nzima. Kuhusu reli, mzee kasema sakafuni. Dari hakuitaja.

Nimempigia Pritesh. Anayo ngazi ndefu. Mzee Talib nimemwekea kiti cha heshima, katikati kabisa, chini ya kona ya reli.